Kabla Hatujakodi Mtumbwi: Siku Yetu ya Duluti

Sisi wa Arusha ni watu wa mlima. Mtoto wa hapa hujua mapema kuusoma Meru, kwamba kilele kikijifunika wingu zito alasiri basi nguo zianuliwe, lakini maji ya kuvukwa kwa chombo hayajui. Mito yetu, Themi na Naura, huvukwa kwa daraja, na kiangazi hata kwa kuruka mawe. Kwa hiyo familia ya Arusha ikikodi mtumbwi siku ya mapumziko, huingia humo kama inavyoingia daladala: aliyepata nafasi ameketi, asiyepata amebanana, na safari imeanza. Nasi tuliingia hivyo katika ziwa Duluti, Idi Pili baada ya Ramadhani. Tunawaeleza wasomaji wetu yaliyotupata, pamoja na maswali tuliyopaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha yetu.

Asiyelijua Duluti ashike barabara ya Moshi hadi Tengeru, mwendo wa kilomita zipatazo 14 kutoka mjini. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi atakuta soko la Tengeru limefurika hadi kando ya lami, basi ajipe muda wa ziada. Ziwa lenyewe limekaa ndani ya shimo la volkano ya kale. Hauonekani mto unaoliingia wala unaotoka, na msitu umelizunguka kama ukuta. Msitu huo ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa langoni. Kima hurukaruka juu ya miti, kenge hulala kwenye magogo, mdiria hujirusha majini kama jiwe na kuibuka na kisamaki. Asubuhi isiyo na ukungu, aliye katikati ya maji humwona Meru yuko karibu kana kwamba angeweza kumgusa, na mashariki theluji ya Kilimanjaro. Ni mahali pa kumtafakari Muumba, na ni karibu na nyumbani. Kwa familia yenye watoto wengi na fedha ya kiasi, sijui kama mkoa wetu una pazuri zaidi, na neno hili tunalisema hata baada ya siku ile.

Maji yake si ya kina kikubwa, takriban meta 9. Lakini meta 9 humzamisha mtu sawasawa na meta 900.

Tulikuwa watu kumi na watano. Kijana wetu mmoja alikuwa amezungumza kwa simu na mwenye mitumbwi, akamtumia nusu ya malipo. Tulipomwuliza walikubaliana nini, alisema: “Nimemwambia tupo kumi na watano, akasema hamna shida.” Hatukuuliza zaidi. Laiti tungejua kwamba maneno hayo mawili, hamna shida, hayana hata taarifa moja ndani yake! Hayasemi mitumbwi ni mingapi, wala kila mmoja huchukua wangapi. Hayasemi kama bei ni ya mtumbwi au ya kichwa, kama kiingilio cha msitu kimo au hakimo, kama saa inahesabiwa tangu kufika au tangu kuondoka gatini, wala kama fedha hurudi upepo ukikataa. Tulipofika saa nne asubuhi tuliyapata majibu yote kwa pamoja, na hakuna lililotupendeza. Kiingilio kilikuwa mbali. Mitumbwi ilikuwa mitatu. Na jaketi okozi, yale makoti ya kuelea yanayovaliwa kifuani, yalikuwa tisa.

Tulikuwa na Baba Mkubwa wetu, mzee aliyezaliwa Pangani na kukulia kwenye ngalawa kabla ya kuhamia Arusha kwa kazi. Yeye ndiye pekee aliyeyachukua yale majaketi moja moja, akavuta kamba zake, akabonyeza vifungo vyake. Mawili akayatupa kando. Moja lilikuwa limepasuka bega. La pili lilikuwa limekatika kifungo, na hilo ndilo lilikuwa la pekee la kimo cha mtoto. “Yamebaki saba,” akasema. “Wataingia saba, warudi, waingie saba wengine. Mimi nitabaki gatini.”

Manung'uniko yakaanza. Watoto walikuwa wamevaa nguo za Idi na hawakutaka kusubiri. Mwenye mitumbwi aliona anatukanwa kazi yake. Shangazi mmoja akasema hili ni ziwa dogo tu, tumtegemee Mwenyezi Mungu. Baba Mkubwa hakukasirika, alimkumbusha ile hadithi ya bedui na ngamia wake, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza ndipo ategemee. Kisha akaketi juu ya gogo na kuyashika yale mawili mabovu mikononi, ili asijitokeze wa kuyavaa.

Zamu ya kwanza ilikwenda na kurudi salama. Zamu ya pili ilikuwa na binti wa dada yetu, mwenye miaka tisa, pamoja na kaka yake na mjomba wao kijana. Mpiga kafi aliketi tezi. Walizunguka upande wa msitu, wakatazama ndege, wakaimba kidogo. Wakiwa wanakaribia gati, wingu likaondoka juu ya Meru. Kijana akasimama ili apige picha kwa simu, na yule kaka akainama upande uleule ili aonekane pichani. Mtumbwi haukupinduka, uliinama tu, ukajirudi. Lakini uliporudi, binti hakuwamo.

Mama yake alikuwa amesimama gatini pamoja nasi. Hajui kuogelea, wala sisi hatujui. Tuliliona jaketi la rangi ya chungwa likielea, na ndani yake hatukuona uso. Lilikuwa la mtu mzima. Lilielea lenyewe vizuri sana, naye akateleza chini ndani yake kama mkono unavyoteleza ndani ya shati pana, mabega ya jaketi yakapanda juu ya masikio yake na vidole vyake vikaonekana vikishika hewa. Gauni lake la Idi, zito lenye bitana, lilimvuta. Mpiga kafi aliruka, akamshika chini ya kwapa, akamnyanyua. Haikufika dakika moja. Alikohoa, akatapika maji, akalia, kisha akauliza kiatu chake kiko wapi. Alhamdulillah.

Sufuria ya pilau ilirudi nyumbani haikuguswa. Dada yetu hakusema neno tangu Tengeru hadi Ngarenaro.

Tumeyarudia mambo yale mara nyingi baadaye, na Baba Mkubwa ametufundisha kwa subira yale ambayo kwake ni elimu ya utotoni. La kwanza ni jaketi. Kuwa nalo si kulivaa, na kulivaa si kulivaa likakaa. Amevalishwa mtoto, vifungo vyote vimefungwa: sasa lishike mabegani ulinyanyue juu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, hilo si lake, hata kama mwenye chombo ataapa. Zuri la mtoto lina mkanda unaopita kati ya miguu, na hilo ndilo la kumwuliza mwenye mitumbwi kwenye simu kabla ya bei: yapo mangapi ya watoto, na ya uzito gani? Akisita, mjue jibu. Familia yenye watoto wawili watatu inaweza hata kununua ya kwake. Gharama yake haizidi sana ile ya nguo za sikukuu.

Jaketi huvaliwa juu ya nguo zote. Tumewaona dada zetu wakilivaa ndani na kushusha buibui juu yake kwa ajili ya stara. Stara ni jambo la kuheshimiwa, nasi hatumwambii yeyote aiache. Lakini jaketi lililofungiwa ndani ya buibui halina nafasi ya kufanya kazi yake, na kitambaa kipana kikijaa maji huwa mzigo wa kumvuta mtu chini. Inawezekana kusitirika vyema kwa suruali pana, vazi jepesi lifikalo magotini na mtandio mfupi uliobanwa kwa pini, jaketi likawa juu ya vyote. Nikabu iliyolowa hunata puani na kinywani. Akina mama wanaoivaa wanaweza kuchukua mtumbwi wao peke yao na kuifungua wakiwa mbali na gati, au wakabaki ufukweni bila kujiona wamekosa kitu. Viatu vivuliwe, hasa vya mkanda.

Na mtoto mchanga asibebwe mgongoni kwa khanga. Hili Baba Mkubwa alilisema mara tatu. Mama aliyevaa jaketi akianguka majini huelea chali, uso wake juu. Mtoto aliyefungwa mgongoni yuko wapi basi? Mchanga abaki nchi kavu na bibi yake.

Lingine ni kuketi. Mtumbwi mdogo hauogopi watu walioketi chini, magoti mbele, uzito umegawanyika omo na tezi. Huogopa anayesimama. Na saa ya hatari zaidi si katikati ya ziwa, bali ni pale gati linapoonekana na kila mtu akajiona amekwisha fika. Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kukumbushwa kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101; waliofariki peke yao walikuwa 228, Allah awarehemu. Chombo kilichozidisha watu kilikuwa kimeuvuka mkondo wote, na ilielezwa kuwa abiria walipojisogeza upande mmoja wakijiandaa kushuka ndipo kilipolala. Kivuko na mtumbwi havilingani kwa ukubwa, lakini kanuni ya uzito ni moja. Kwa hiyo katika hesabu ya watu mhesabuni na mpiga kafi, na mhesabuni na vikapu. Chakula kibaki pwani, kitawangoja.

Mwulizeni pia anayewapeleka kama anaogelea. Ni swali la aibu kulitamka, nasi tulidhani ni kumdharau mtu. Lakini siku ile tofauti kati ya kiatu kilichopotea na msiba ilikuwa ni kijana mmoja aliyejua kuogelea, nasi hatukuwa tumemwuliza. Tulimpata kwa rehema tu. Mwulizeni kama kuna mtumbwi wa pili utakaobaki gatini tayari, na kamba. Na makubaliano ya bei, hata kama ni ya dakika tano kwa simu, yaandikwe kwa ujumbe mfupi: mitumbwi mingapi, watu wangapi, kwa saa ngapi, nini kimo na nini hakimo. Huo si utovu wa imani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika madeni.

Kuhusu saa, tokeni mapema. Asubuhi maji ya Duluti hutulia kama kioo, na wapiga kafi wenyewe watawaambia kuwa upepo hupenda kuamka mchana. Wakitoka saa mbili, saa tano wamekwisha maliza, wanakula, wanatawadha, na Adhuhuri inawakuta nchi kavu bila ya haraka. Haraka ya kuwahi sala ndiyo iliyowasimamisha wengi ndani ya vyombo kabla havijafunga kamba. Mwezi wa Juni hadi Agosti mvae vizito. Baridi ya Tengeru asubuhi si ya mzaha, na mtoto aliyelowa hutetemeka upesi, kwa hiyo taulo na nguo za kubadilisha ziwemo hata kama hamkusudii kulowa.

Wenye kipato zaidi huenda Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, njia ya kukatia Usa River. Huko mambo ni tofauti. Kuna kiingilio cha hifadhi na juu yake malipo ya mtumbwi, hivyo jumlisheni yote kabla ya kuwaahidi watoto. Mitumbwi huenda katika Momella Ndogo pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu viboko wamo majini na nyati hushuka ukingoni. Anachosema askari hakijadiliwi. Watoto wenye kupiga kelele wasipelekwe, hata wakiwa na jaketi zuri namna gani. Kiboko hapendi kushtuliwa. Maji yale ni ya magadi, yamejaa floraidi ileile inayoyatia rangi ya kahawia meno ya wengi wetu tuliokulia chini ya Meru, basi yasinywewe na wala pasitafutwe pa kuogelea. Heroe wakiwapo, ukingo wote huwa wa waridi. Tumekwenda mara moja, tukarudi tumenyamaza kwa uzuri wake. Kwa watoto wadogo, bado tungechagua Duluti.

Tunajua pia kwamba familia nyingi za hapa, shule zikifungwa Desemba, huteremka hadi Tanga na Pangani, na huko mtumbwi wa ziwani hugeuka kuwa boti ya baharini. Pangani wageni hukodi boti ndogo kwenda Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Mapema miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga mweupe ambalo bahari hulifunika lote maji yakijaa sana. Msomaji wa Arusha asome sentensi hiyo tena. Mahali mnapokwenda hapapo saa zote.

Hapo ndipo Baba Mkubwa hucheka, kwa sababu anasema Waislamu hatuna udhuru: kalenda ya bahari ni ileile ya kwetu. Mwezi ukiandama huja bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa, na hurudi tena mwezi ukiwa mpevu. Kati ya hapo, mwezi saba au nane, ni maji mafu. Siku za bamvua, pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha kila siku husogea mbele kwa karibu saa nzima. Anayekwenda Maziwe Idi ya mfungo mosi basi ana asubuhi njema ya mchanga, lakini alasiri ajue maji yanamfuata kwa nguvu. Idi Kubwa, mwezi kumi, hesabu imegeuka, na maji hujaa kabla ya adhuhuri. Saa ya kuondoka huamuliwa na nahodha, na akisema “turudi” wakati pilau bado imo sahanini, sahani hufunikwa. Akiiona kusi imekaza akakataa kutoka, mshukuruni na mmlipe chai yake. Huyo ndiye wa kumtafuta tena mwakani. Boti ya kukodi iwe na cheti cha ukaguzi: Bara kazi hiyo ni ya TASAC, na Zanzibar ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kuomba kukiona si ugomvi. Nahodha mwenye nacho hukitoa kwa fahari.

Dua ya kupanda chombo tunaifundisha watoto wetu madrasa, na maneno ya Nabii Nuh (A.S.) katika Sura Hud wanayajua kwa moyo. Siku ile ya Duluti waliyasoma wote, kwa sauti nzuri, wakati sisi wakubwa tulikuwa bado tunabishana juu ya majaketi.

Binti wa dada yetu hakuchukia maji. Tulidhani atachukia. Miezi miwili baadaye Baba Mkubwa alikwenda Tanga kwenye msiba, akarudi na jaketi dogo la rangi ya chungwa, lenye mkanda wa kupita kati ya miguu na filimbi iliyofungwa begani. Limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, juu ya begi lake la shule, na filimbi imekwisha pigwa hadi majirani wamelalamika. Kila akikuta kaka yake ameketi vibaya kwenye kochi humwambia akae chini, chombo kitalala. Safari ya Pangani imepangwa, insha Allah, na jana usiku alitoka uani kuutazama mwezi, akarudi ndani kutuuliza una siku ngapi.